Jukwaa na madhabahu: kwa nini ugomvi wa burudani na ibada hauishi

Mwaka 1913, huko Zliten kwenye pwani ya Libya, wataalamu wa mambo ya kale walifukua nyumba ya Kirumi yenye sakafu iliyopambwa kwa vijiwe vya rangi. Picha zake zinaonyesha siku ya michezo uwanjani. Watu wanapigana kwa mapanga, wafungwa waliohukumiwa wanatupiwa wanyama wakali, na pembeni wapo wapiga muziki. Mmoja wao yuko nyuma ya kinanda cha mabomba. Ni chombo kile kile ambacho leo kikianza kuvuma, watu wengi hujinyoosha na kufikiria kanisa. Kwa Mkristo wa karne za mwanzo, sauti yake ilikuwa sauti ya damu na vumbi. Hata kiliporudi Magharibi mwaka 757, kilikuja kama zawadi ya kifahari kutoka kwa mfalme wa Byzantium, yaani dola ya Kirumi ya Mashariki, kwenda kwa Pepin, mfalme wa Wafranki, wala hakikukusudiwa kuimbia zaburi. Ndani ya ibada kiliingia baadaye, taratibu, na makanisa mengi ya Kiorthodoksi hayajakikubali mpaka leo.

Naanza na kinanda kwa sababu mabishano ya burudani na ibada huendeshwa kana kwamba vyombo, midundo na majukwaa huzaliwa na dini yake. Gitaa hili ni la kidunia, kile kinanda ni kitakatifu. Historia haiko upande wa wanaosema hivyo. Lakini pia haiko upande wa wanaodai kwamba ugomvi wote ni ushamba wa wazee wasiopenda vijana wafurahi. Kuna jambo la kweli linalogombewa. Shida ni kwamba si jambo moja. Kuna swali la kinachoonyeshwa: je, maudhui ni machafu au ya kuabudu sanamu? Kuna swali la kile ambacho kutazama kwenyewe kunamfanyia mtu, hata kama maudhui ni safi. Na kuna swali la sifa na fedha: vinaishia kwa nani? Mzee mmoja analalamika juu ya mavazi ya waimbaji, kijana anamjibu kwamba maneno yote yametoka kwenye Biblia, na mtu wa tatu anauliza kiingilio kimekwenda wapi. Kila mmoja anatoka akiamini wenzake ni wakaidi, kumbe hawajawahi kujibu swali moja.

Kwa maoni yangu swali la pili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloulizwa mara chache.

Karthago, mara mbili

Karibu mwaka 200, mwandishi Mkristo Tertullian wa Karthago, mji wa Kirumi Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima cha kuwakataza Wakristo kwenda kwenye michezo: mbio za magari ya farasi, maigizo, mapigano ya uwanjani. Wengi hudhani alikuwa anachukia furaha. Hoja yake kuu ilikuwa nyingine. Michezo ya Kirumi ilifunguliwa kwa maandamano ya sanamu, kafara zikatolewa, michezo ikawekwa wakfu kwa miungu. Mkristo alipobatizwa alimkana shetani na fahari zake zote mbele ya watu, na kwa Tertullian fahari hizo hazikuwa fumbo. Ndiyo maandamano yale yale yaliyopita barabarani kuelekea uwanjani. Kwa hiyo kwenda kutazama ilikuwa kuvunja kiapo. Hilo ni swali la kwanza, la maudhui, na katika mazingira yake alikuwa na haki ya kulijibu kwa ukali.

Lakini tazama anavyomaliza. Baada ya kuwanyima wasomaji wake kila onyesho, anawaahidi kubwa zaidi: siku ya hukumu. Hapo, anasema kwa msisimko usiofichika, atawaona wafalme wakiugua gizani, waigizaji wakipaza sauti kwa msiba wao wenyewe, waendesha magari wakiwaka moto. Yaani hamu ya kutazama hakuiua. Aliiahirisha tu, na tiketi akaihamishia mbinguni.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, katika mji huo huo, alisoma kijana aliyependa sana maigizo ya huzuni. Alipokuwa askofu, Augustino aliandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya nne, na humo akauliza swali ambalo Tertullian hakuligusa. Kwa nini mtu anapenda kuona masaibu ambayo mwenyewe asingependa yampate? Anakaa, analia, na kilio hicho ndicho starehe yake; asipolizwa, anatoka amechukia kwamba onyesho halikufaa kitu. Na huruma ya namna hiyo ni huruma gani, ikiwa mtazamaji hakuitwa kumsaidia mtu yeyote? Ameitwa ahuzunike tu.

Soma tena hoja hiyo na utaona haihitaji miungu ya Kirumi. Inamhusu mtu anayetazama tamthilia ya runinga usiku na inamhusu pia anayelia mbele ya filamu ya mateso ya Yesu.

Augustino ana kisa kingine, cha rafiki yake Alypius, aliyechukia mapigano ya uwanjani lakini akaburutwa na wenzake huko Roma. Alifunga macho kwa makusudi. Masikio hakuyaziba. Umati ulipopiga kelele mtu alipoanguka, akafungua macho kuona kulikoni, na tangu hapo akawa wa kuwaburuta wengine. Hakutekwa na damu kwanza. Alitekwa na mngurumo wa watu wengi wakihisi jambo moja kwa wakati mmoja. Kila kiongozi wa sifa anayejua wapi pa kupandisha mdundo anaijua nguvu hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Alypius.

Na kwa uaminifu wa pekee, Augustino anapeleka kipimo hicho hicho kanisani. Aliwahi kulia kwa nyimbo za kanisa la Milan wakati wa kuongoka kwake, anakumbuka faida yake. Hata hivyo anakiri kwamba kuna nyakati sauti inayoimba humgusa kuliko kinachoimbwa. Hapo anajihesabia dhambi, na anasema afadhali asingemsikia mwimbaji. Hakupiga marufuku uimbaji. Aliona kwamba wasikilizaji dhaifu huinuliwa kwa masikio, akaukubali, ila bila kutulia. Kutotulia huko ndiko kumekuwa msimamo wa Wakristo wengi wenye akili tangu siku zile, ingawa mara nyingi wanaona aibu kukiri.

Maigizo yanazaliwa upya altareni

Kanisa lililokataa maigizo ndilo lililoyarudisha Ulaya. Katika karne ya 10, asubuhi ya Pasaka, watawa walianza kuimba mazungumzo mafupi ya wanawake na malaika kaburini: mnamtafuta nani? Mwongozo ulioandikwa Winchester, Uingereza, karibu miaka ya 970 unaeleza kila hatua. Mtawa mmoja avae vazi jeupe, aende kimya mahali pa kaburi, akae na jani la mtende mkononi. Wengine watatu waje na vyetezo, wakitembea kama watu wanaotafuta kitu. Waonyeshe sanda tupu. Kisha wimbo wa shukrani uanze, na kengele zote zigongwe.

Hayo ni maelekezo ya jukwaani kabisa. Lakini mwisho wake hauna makofi. Igizo linamalizikia ndani ya sala ya wote, na aliyekuwa anatazama anajikuta anaimba.

Kadiri maigizo yalivyokua yalitoka nje ya mlango wa kanisa, na kufikia karne za 14 na 15 mji kama York ulikuwa na siku nzima ya maigizo, kutoka uumbaji hadi hukumu, yakipita mitaani juu ya magari wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Vyama vya mafundi viligawana visa. Waunda meli walijenga safina ya Nuhu. Waoka mikate walipewa karamu ya mwisho. Watengeneza misumari na pini walipewa kusulubishwa. Jaribu kufikiria maana yake: fundi anayeuza misumari siku zote anasimama mbele ya wateja wake akiigongomelea mikononi mwa Kristo. Augustino alilalamika kwamba mtazamaji haitwi kufanya kitu. Hapa mji mzima uliitwa, na kila mtu kwa kazi ya mikono yake. Hiyo ilikuwa burudani, watu walicheka na kunywa, na ilikuwa ibada. Mara ya mwisho ilichezwa mwaka 1569, kisha viongozi wa Matengenezo ya Kanisa wakaifunga.

Hata hivyo ushiriki nao una upande wake wa kutisha, na hapa wanaosifia maigizo ya dini hupita haraka mno. Maigizo ya mateso ya Yesu yalipowaonyesha Wayahudi kama umati wa wauaji, hadhira haikubaki kulia tu. Katika Ulaya ya zama za kati, Wiki Kuu ikawa majira ya hofu kwa Wayahudi, na baadhi ya miji ilibidi iwawekee ulinzi. Kijiji cha Oberammergau huko Bavaria kiliweka nadhiri wakati wa tauni mwaka 1633, kikaigiza kwa mara ya kwanza mwaka 1634, na kimeendelea kwa mapokeo ya kila baada ya miaka 10. Zamu ya 2020 iliahirishwa hadi 2022 kwa sababu ya korona. Hitler alihudhuria mwaka 1934 na baadaye akalisifu igizo hilo kwa namna lilivyowachora Wayahudi. Ilichukua miongo mingi ya shinikizo, na tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la 1965 lililokataa kuwabebesha Wayahudi wote hatia ya kifo cha Yesu, hadi maneno na mavazi ya igizo lile yakaandikwa upya. Kwa hiyo hofu kwamba burudani huifanya imani kuwa nyepesi ni nusu ya habari. Wakati mwingine huifanya nzito kupita kiasi na kuipa adui wa kumpiga.

Baada ya hapo milango ilifungwa kwa namna mbalimbali. Bunge la Uingereza lilisimamisha maigizo mwaka 1642, na kumbi hazikufunguliwa rasmi hadi mfalme aliporudi mwaka 1660. Ufaransa iliacha kumbi wazi ila ikawatenga waigizaji: mwandishi na mwigizaji Molière alipofariki mwaka 1673, saa chache baada ya kutoka jukwaani, ilibidi mjane wake amwendee mfalme Louis XIV ndipo apate kuzikwa kwenye ardhi ya kanisa, tena usiku. Cha ajabu ni kwamba Molière alisoma kwa Wajesuiti, na Wajesuiti wa Paris walikuwa na jukwaa lao shuleni, lenye maigizo na hata ngoma za densi, wakiamini kwamba kijana anayeigiza mtakatifu hujifunza kusimama, kusema na kuwa mwema. Kanisa moja, mji mmoja, karne moja.

Sauti za nyimbo hazina pasipoti

Kwenye muziki mambo yalikuwa ya siri zaidi, maana sauti ya wimbo huhama kimya kimya. Mtunzi wa Kijerumani Hans Leo Hassler alichapisha mwaka 1601 wimbo wa mapenzi, wa kijana aliyevurugwa akili na msichana. Sauti hiyo hiyo ikaja kubeba maneno ya wimbo wa Ijumaa Kuu juu ya kichwa cha Yesu chenye damu na miiba, na mtunzi Bach akairudia mara kadhaa katika muziki wake wa mateso ya Yesu kwa Injili ya Mathayo mwaka 1727. Leo huwezi kupata sauti inayoonekana takatifu kuliko hiyo.

Martin Luther mara nyingi huitwa shahidi wa kwanza wa wanaotaka kuazima nyimbo za mtaani. Ni kweli kwa kiasi. Wimbo wake maarufu wa Krismasi, wa malaika ashukaye kutoka mbinguni, ulianza miaka ya 1530 ukiwa umevaa sauti ya wimbo wa vitendawili uliojulikana na watu. Lakini mwaka 1539 ulichapishwa na sauti mpya, na ndiyo iliyodumu. Inaelekea aliona kilichomsumbua Augustino: sauti ya zamani ilikuwa inakuja na kumbukumbu zake. Zwingli wa Zürich, kiongozi mwingine wa Matengenezo ya Kanisa, aliyekuwa mwanamuziki hodari kuliko wengi wa wenzake, alikwenda mbali zaidi na kunyamazisha muziki wote ibadani. Huyu hakuchukia muziki. Aliujua vizuri, na nadhani ndiyo sababu aliuogopa.

Ule msemo kwamba shetani asiachiwe nyimbo zote nzuri hutiwa kinywani mwa Luther, mhubiri Wesley na William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, kwa zamu, bila ushahidi wa kutosha. Ila watu wa Booth waliutenda. Katika miaka ya 1880 waliimba maneno ya wokovu kwa sauti ya wimbo wa vilabuni uliomsifu mlevi wa mvinyo wa bei ghali, na bendi zao za tarumbeta zilianza kama njia ya kuwakinga wahubiri wa barabarani na wahuni. Wakati huo huo, upande wa Wakatoliki, muziki wa ibada nchini Italia ulikuwa umefanana na opera kiasi kwamba mwaka 1903 Papa Pio X alitoa agizo: mtindo wa ukumbi wa maonyesho utoke kanisani, piano isipigwe, ngoma na matoazi visiingie, uimbaji wa Kigregori urudi mahali pake. Ukisikiliza Misa nyingi leo utajua agizo hilo limefika wapi.

Kisa cha mtunzi wa muziki Handel kinaonyesha vizuri jinsi maswali yanavyochanganywa. Kazi yake juu ya Masiya ilisikika kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, ndani ya ukumbi wa muziki. Maneno yake yote ni ya Maandiko. Mapato yalikwenda kwa hospitali na kwa wafungwa wa madeni, na 142 kati yao walifunguliwa. Wanawake waliombwa waache nyumbani fremu za kupanulia magauni, wanaume waache panga, ili watu wengi zaidi waenee. Ukiangalia maudhui, hakuna doa. Ukiangalia fedha, ni sadaka. Bado London mwaka uliofuata watu walikasirika: barua gazetini iliuliza kama ukumbi wa maigizo ni hekalu la kufaa, na kama waigizaji ndio wahudumu wa kuachiwa Neno la Mungu. Mmoja wa waimbaji wakuu, Susannah Cibber, alikuwa ametoka kwenye kesi ya uzinzi iliyojaa magazetini. Hasira ilikuwa juu ya nani anasema na wapi. Baada ya miaka kadhaa Handel alianza kuipiga kila mwaka ndani ya kanisa la kituo cha watoto waliotupwa, na manung'uniko yakafifia. Siku hizi hadhira za kumbi za muziki, nyingi zikiwa na watu wasioingia kanisani, husimama kinapofika kiitikio chake cha Haleluya. Hakuna padri aliyewaamuru.

Mtoto wa mhubiri aliyepiga bluzi

Kama kuna mtu mmoja aliyebeba fundo hili mwilini mwake, ni Thomas Dorsey. Alizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1899, baba yake akiwa mhubiri. Akawa mpiga piano wa vilabuni, akamsindikiza Ma Rainey, mwimbaji wa bluzi, muziki wa kidunia wa Wamarekani weusi, akajiita Georgia Tom, na mwaka 1928 yeye na mpiga gitaa Tampa Red wakatoa rekodi yenye maneno ya kuficha aibu nusu, iliyouzwa kupita kiasi. Alipoanza kupeleka nyimbo zake za dini kwenye makanisa ya weusi ya Chicago, wachungaji wengi walimfungia mlango. Walisikia bluzi. Hawakukosea, ilikuwa bluzi, kwenye vidole, kwenye namna ya kuvuta noti na kuichelewesha.

Mwaka 1932, akiwa St. Louis kwa kazi ya nyimbo, alipata habari kwamba mke wake Nettie amefariki akijifungua. Mtoto naye akafa. Katika siku za huzuni hiyo alitunga sala ya mtu aliyechoka anayemwomba Bwana amshike mkono, juu ya sauti iliyojengwa kwenye wimbo wa zamani wa kanisa. Ndiyo aliyoiimba Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili, kwenye maziko ya Martin Luther King mwaka 1968. Mtindo uliofukuzwa milangoni ukawa, ndani ya kizazi kimoja, sauti yenyewe ya kanisa la weusi Marekani, na leo watu wanautetea dhidi ya mitindo mipya kwa maneno yale yale aliyotukanwa nayo Dorsey.

Waliomfuata walichagua njia tofauti. Mahalia Jackson alikataa maisha yake yote kuimba bluzi, japo alipewa ahadi za fedha nyingi. Sister Rosetta Tharpe aliingia na gitaa lake kwenye klabu ya Cotton Club, New York, mwaka 1938, akiimba nyimbo za Mungu mbele ya wanywaji, na baadhi ya waumini hawakumsamehe. Mwaka 1951 alifunga ndoa katikati ya uwanja wa besiboli wa Washington, maelfu ya watu wakilipa kiingilio, kisha bibi harusi akapiga gitaa. Sijui uite ibada, arusi au tamasha. Nadhani waliokuwepo nao hawakuhangaika kuchagua.

Sam Cooke alivuka upande wa pili. Mwaka 1956, akiwa bado mwimbaji wa injili, alitoa wimbo wa mapenzi kwa jina la Dale Cook ili mashabiki wasimtambue. Walimtambua mara moja. Wimbo wenyewe ulikuwa ule wa injili aliokuwa akiimba, ila sifa za Bwana zimegeuzwa sifa za msichana. Mwanamuziki Ray Charles alikuwa amefanya jambo kama hilo mwaka 1954, akatukanwa, akatajirika.

Kwa nini ubadilishanaji huu ni rahisi hivyo? Kwa sababu sala na wimbo wa mapenzi vinashughulika na mambo yale yale: kungoja, kukosa, kusihi, kushangilia aliyekuja. Zaburi na Wimbo Ulio Bora vilikuwepo kabla ya redio. Burudani haikuiba hisia kutoka kwa ibada, wala ibada haikuziazima. Wanachota kisima kimoja, na ndiyo maana hawataacha kugombana.

Baada ya machozi

Filamu zinalirudisha swali la Augustino likiwa limekuzwa mara elfu. Filamu ya Mel Gibson juu ya mateso ya Yesu, mwaka 2004, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 30 na kuingiza zaidi ya milioni 600. Makanisa yalikodi kumbi nzima. Watu walitoka wakilia, wengine hawakuweza kusema. Viongozi wa Kiyahudi na wasomi wengi Wakristo waliona kivuli cha maigizo ya zamani ndani yake. Wapo waliokwenda kuungama baada ya kuitazama, na wapo waliolia, wakanywa soda, wakarudi nyumbani. Picha ilikuwa moja. Kinyume chake, filamu ya maisha ya Yesu ya mwaka 1979, inayofuata Injili ya Luka na ambayo imetafsiriwa kwa zaidi ya lugha 2,000, ni ya kawaida kabisa kisanaa. Lakini inamalizia kwa kumgeukia mtazamaji na kumwalika asali. Mhakiki wa sinema ataona huo ni udhaifu. Mtu aliyemsoma Augustino ataona watengenezaji wameelewa kitu: wamemwita mtazamaji afanye jambo.

Ndiyo maana sishtushwi sana na taa za rangi na moshi kanisani. Kinachonisumbua zaidi ni jambo dogo la kiufundi. Nyimbo nyingi za kuabudu za siku hizi hurekodiwa kwa ufunguo, yaani kimo cha sauti, unaomfaa mwimbaji mmoja mwenye koo la pekee, anayeanza chini kama ananong'ona na kupanda oktava nzima, yaani ngazi ya noti nane, kwenye kiitikio. Mtu wa kawaida huimba kwa raha oktava moja na kidogo. Wimbo ukiletwa Jumapili kwa ufunguo ule ule wa rekodi, waumini hufika mahali wakanyamaza. Wanainua mikono, wanafumba macho, wanaguswa kweli. Ila wamekuwa hadhira, na aliyewageuza ni mtu aliyeogopa kushusha wimbo noti tatu.

Fedha nazo zina mfumo wake. Tangu 1988, taasisi ya CCLI iliyoanzia Marekani huuza leseni kwa makanisa yanayoonyesha maneno ya nyimbo kwenye skrini. Kanisa hulipa kwa mwaka kulingana na ukubwa wake, hutoa taarifa ya nyimbo zilizotumika, na wenye haki hugawiwa. Mtunzi kulipwa si dhambi. Injili yenyewe inasema mtenda kazi anastahili ujira. Lakini matokeo yake ni kwamba ibada ya Jumapili imekuwa soko lenye orodha ya zinazoongoza, na wimbo unaorahisisha msisimko hupendelewa kuliko wimbo wa toba, ambao watu hawaupigi ndani ya gari. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Hivyo ndivyo mfumo unavyosukuma.

Skrini yenyewe Kanisa Katoliki liliipatia mtakatifu mapema. Mwaka 1958 Papa Pio XII alimtangaza Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa sababu ya simulizi kwamba usiku mmoja wa Krismasi, akiwa mgonjwa kitandani asiweze kwenda kanisani, aliiona na kuisikia ibada akiwa chumbani mwake. Uteuzi huo huchekesha watu, lakini una mantiki kali. Kanisa hilo hufundisha kwamba Misa ya kwenye runinga ni msaada kwa mgonjwa na asiyeweza kutoka, na kwamba mzima anayeweza kwenda hajatimiza wajibu wake wa Jumapili kwa kuitazama. Kamera ni ile ile, padri ni yule yule, machozi yanaweza kuwa yale yale. Mwaka 2020 milango ilipofungwa, maaskofu wa nchi nyingi waliondoa wajibu huo kwa wote, na kwa miezi kadhaa kila mtu alikuwa Klara. Walipourudisha, mapadri walilazimika kuwaeleza watu waliokwishazoea kochi kwa nini kilichotosha jana hakitoshi tena, na wengi wao waligundua kwamba hawajawahi kuandaa jibu.